Jiwe la Pwani Linakunywa

Kila asubuhi mama alikuwa anaifagia nyumba yake na kuitoa nje. Sisemi takataka za nyumba, nasema nyumba yenyewe. Chini ya ukuta wa chumba chake cha kulala, ule unaotazama baharini, palikuwa panadondoka unga mweupe uliochanganyika na mchanga. Anaukusanya kwa ufagio wa chelewa, anautia kwenye kopo la maziwa, anakwenda kuumwaga chini ya mnazi. Nilipomwuliza ni makopo mangapi kwa wiki akasema mawili. Nikakaa Pangani wiki nzima nikahesabu mwenyewe. Yalikuwa matatu, na Jumapili hakufagia kwa sababu ya kanisa.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ulipoacha kuja mara kwa mara."

Hilo nalo nikalihesabu.

Mimi nauza mawe. Kokoto, mawe ya msingi na mchanga, pembeni mwa barabara ya kutoka Tanga kwenda Horohoro. Mawe yangu yanatoka bara, ni ya kijivu na meusi, yana vimetameta ndani, na nyundo ikiyapiga yanalia. Shuleni tulikaririshwa aina tatu za miamba: miamba moto, miamba tabaka na miamba geu. Mtihani ulipopita nikazisahau zote tatu, na biashara ikanifundisha aina mbili tu, jiwe linalouzika na jiwe lisilouzika. Mteja akisema tripu yangu haijajaa, namwambia apande juu ya lori akahesabu. Hakuna aliyewahi kupanda. Mimi nimepanda, mara mbili kwa kila tripu.

Kwa hiyo mtu angedhani najua mawe.

Baba na mama walishuka kutoka milima ya Usambara wakiwa vijana, wakafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na baba alipozeeka akanunua nyumba hii ya mawe Pangani kutoka kwa familia iliyokuwa inahama. Sisi ni Walutheri wa milimani. Kule kwao mama kuna mwamba mkubwa nyuma ya nyumba, wanaanikia mahindi. Bibi yake alianikia hapo, mama yake alianikia hapo, na juzi juzi binamu yangu alinitumia picha, mahindi yako pale pale. Mwamba wa namna ile ulipikwa na kubanwa chini ya ardhi muda ambao hakuna wa kuuhesabu, ukatoka umekata tamaa ya kubadilika. Ukikulia kwenye mawe ya hivyo, unaamini jiwe ni jiwe.

Baba aliishi na ukuta wa pwani kwa adabu. Kila mwaka kabla ya masika alikuwa anaupaka chokaa, na kila mwaka chokaa ilikuwa inachubuka, na yeye anapaka tena bila kulalamika, kama mtu anayenyoa ndevu. Alipofariki, nani apake? Ndugu zangu wako mbali, na mimi nina malori ya watu ya kusimamia. Nikaona nimalize jambo moja kwa moja. Miaka sita iliyopita nikaleta simenti, nikapiga lipu nyumba nzima, ndani na nje. Nilisimamia mwenyewe. Nilihesabu mifuko ikiingia ikiwa imejaa na nikahesabu ikitoka ikiwa mitupu, fundi asije akaniuzia simenti yangu mwenyewe. Ukuta ukanyooka, ukawa kama ukuta wa benki. Mama akasema, "Sasa nalala kwenye nyumba ya mtu anayejiweza." Niliondoka Pangani siku ile nikijisikia mtoto mwema, jambo ambalo halinitokei sana.

Sasa ilikuwa Januari, na kule nyuma ya lipu yangu kuna kitu kinakula ukuta.

Niliulizia fundi anayejua nyumba za zamani, nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Kipemba anayeishi ng'ambo ya mto. Alivuka na pantoni asubuhi, amebeba kikapu cha ukili chenye nyundo mbili na tindo. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema, macho yako ukutani. "Nani kauvalisha ukuta huu koti?"

"Mimi, mzee."

"Koti zuri. La mvua hili." Akagonga kwa kifundo cha kidole, akasogea hatua moja, akagonga tena, kichwa kakiinamisha kama anasikiliza mlango wa jirani. "Ila umemvalisha mtu aliyekwisha kulowa."

Akaomba ruhusa kwa mama, siyo kwangu, kisha akatia tindo. Lipu ilianguka kipande kimoja kikubwa, kizima, kigumu, kizuri kabisa. Nyuma yake mawe yalikuwa yamelainika kama ugali uliolala. Fundi aliingiza kidole gumba ndani ya jiwe la kwanza mpaka kwenye kucha, akakitoa na kuninyooshea. Kilikuwa kimelowa.

"Mawe ya kwenu milimani yanakaa tu," alisema. "Haya ya kwetu yanakunywa. Maji yanapanda kutoka chini, hewa ya bahari inaingia, jiwe linakunywa, halafu linatema. Chokaa inapitisha. Ndiyo maana inachubuka, ile ni kazi yake, inaumia kwa niaba ya jiwe. Wewe umekuja na simenti ukaliziba mdomo. Maji yamebaki ndani na chumvi yake. Chumvi ikikauka inavimba, inapasua jiwe kutoka tumboni."

"Miaka sita," nikasema.

"Limevumilia sana."

Mama alikuwa ameokota jiwe moja lililoanguka na amelisogeza karibu na macho. Ndani yake kulikuwa na michirizi iliyojikunjakunja kama utumbo, na pembeni kombe dogo, zima, jeupe.

"Hiki nini?"

"Tumbawe, bibi mkubwa. Hili lilikuwa hai. Wadudu wadogo wa baharini wanajenga, wanakufa, wengine wanajenga juu yao. Zamani hapa tuliposimama palikuwa bahari. Maji yakashuka, tumbawe likabaki juani, likawa jiwe. Watu wakalichimba wakajengea."

Mama akageuka kunitazama mimi, kana kwamba nilikuwepo enzi hizo. "Miaka yote hii nalala na mifupa ya wadudu wa baharini, na baba yako hakusema neno!"

"Labda hakujua, mama."

"Alijua. Mtu haongei na ukuta kila mwaka asijue ni nani."

Nikamvuta fundi uani tukaongea mambo ya kazi. Bei tulielewana haraka, alitaja yake, nikataja yangu, tukakutana mahali ambapo kila mmoja alijifanya kaumia. Nikauliza muda.

"Mwaka. Na kidogo."

"Mwaka wa nini, mzee? Ukuta mmoja!"

Akanieleza. Ule ukuta hauponi, unabomolewa. Mawe mazima yaoshwe chumvi, na hakuna wa kuyaosha ila mvua, masika na vuli zote mbili. Chokaa ichomwe, izimwe kwa maji, ilazwe shimoni mpaka iwe laini kama mtindi, na haiwi hivyo kwa wiki. Ndipo kujenga.

"Miezi mitatu," nikasema.

"Kwa nini mitatu?"

"Wewe umesema kumi na miwili, mimi nasema mitatu, tutakutana sita au saba."

Alinitazama kwa huruma kidogo. "Mwanangu, bei yangu umeipunguza na nimekubali, kwa sababu bei ni yangu. Mwaka siyo wangu. Sasa nikikupunguzia mvua, hiyo nusu nitaitoa wapi?"

Tulidhani tuko peke yetu, kumbe mama yuko mlangoni. "Na mimi?" akasema taratibu. "Mimi huo mwaka nitautoa wapi?"

Mama ana miaka themanini na miwili au themanini na minne. Cheti cha ubatizo kinasema hivi, yeye anasema vile, na nimeshapiga hesabu kwa njia zote mbili bila kupata jibu linalonifurahisha. Alitaka kitu kimoja tu, kulala kwenye chumba chake mpaka siku yake ifike. Sasa chumba kilikuwa hakifai, na siku hazingojei. Nilimpakia kwenye gari na godoro lake, nikampeleka kwangu Tanga.

Mwezi Februari nilikuwa nakwenda Pangani kila wiki kusimamia ubomoaji. Niliyahesabu mawe yalipokuwa yanatoka: mia sita na kumi na moja. Kesho yake nikayahesabu tena: mia sita na nane. Nikauliza. Fundi akacheka hadi akakaa chini.

"Matatu yako kwa jirani, kayafanya mafiga. Kamwambie arudishe, siyo kwa ajili yako, kwa ajili yake. Akiendelea kuyachochea moto yatageuka chokaa, yatamlipukia kwenye ugali."

Jirani aliyarudisha akikimbia.

Fundi alikuwa na namna yake ya kuchagua. Anagonga jiwe, akiridhika na mlio analilamba. Kweli analilamba, ncha ya ulimi, anatulia, anatema mate pembeni, anaamua. Alitenga marundo matatu. Mazima yenye chumvi, yangoje mvua. Yaliyovunjika lakini matamu, ya juu karibu na paa ambako unyevu haukufika, hayo ya kuchomwa. Na yaliyooza kabisa aliyabeba kwa toroli akayamwaga ufukweni.

"Yarudi kwao," alisema. "Bahari itayasaga yawe mchanga, na mchanga nao una mambo yake mbele ya safari. Hayo hayatuhusu."

Nilijaribu kulamba na mimi. Yote yalikuwa na ladha moja, ladha ya kosa langu.

Tanuri lake lilikuwa la wazi tu, juu ya ardhi, magogo ya minazi iliyokufa yamepangwa kwa duara, mawe juu. Likawaka siku mbili. Mawe yaliyotoka yalikuwa meupe na mepesi kama mkate mkavu. Alipoyamwagia maji yalitoa moshi na kuchemka yenyewe bila moto, yakapasuka, yakawa uji. Nimeuza mawe miaka ishirini na sikuwahi kuona jiwe likifa.

"Halijafa," fundi akasema. "Moto umelitoa pumzi. Maji yamelilegeza. Tukilipaka ukutani litavuta hewa polepole, lirudi kuwa jiwe. Pumzi ile ile."

"Kwa muda gani?"

"Wewe mtoto na muda!" Akafunika shimo kwa makuti na mchanga.

Kule Tanga mama alikuwa mgeni mwenye adabu, jambo lililonitisha. Nyumbani kwake ananigombeza kuanzia asubuhi, kwangu alikuwa anashukuru. Ananishukuru kwa chai, ananishukuru kwa maji ya kuoga. Kila nikitoka Pangani ananiuliza, "Yamelowa?" Namwambia yamelowa. "Mvua ilikuwa kubwa?" Ilikuwa kubwa. Masika yale niliiombea mvua, mimi ambaye mvua inanilaza lori na kunigeuzia mchanga kuwa tope. Nilikuwa nasikia inagonga bati naona mia tatu na themanini na nane, hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye rundo la mazima, yamelala uani Pangani yakinyweshwa.

Masika yalipokwisha fundi akalamba kumi, akatikisa kichwa. "Bado."

"Bado kidogo au bado sana?"

"Bado."

Mwezi wa saba mama akaacha kula. Hakuwa na ugonjwa wenye jina. Daktari alimpima, akasema ni umri, akaniandikia vidonge vya nguvu. Nguo zikaanza kumzidi. Alasiri moja nilimkuta kakaa kitandani, mkoba wake wa kanisani mapajani, kama anangoja usafiri.

"Mwanangu," alisema, "mimi sikudai. Ila nyumba yako ni ya kwako. Nataka nikalale kwangu, hata kama ni mara moja."

Sikulala vizuri. Kulipokucha nilikuwa nimeshaamua. Nikapakia tofali za simenti kwenye lori, mia tano, nikahesabu mara mbili, mifuko ya simenti juu yake, nikamweka mama mbele na mto mgongoni. Ukuta wa tofali unasimama kwa siku nne. Nilijua utafanya nini baadaye, sasa nilikuwa najua. Lakini baadaye ni miaka sita, na hesabu ya mama haikuwa na miaka sita ndani yake. Hiyo ndiyo hesabu niliyoifanya, na hata leo sina uhakika kama ilikuwa na kosa.

Fundi alikuwa uani anageuza mawe upande wa pili ili mvua zijazo ziyapate vizuri. Aliliona lori, akayaona matofali. Alichukua nyundo, akaifuta, akaiweka kikapuni. Akachukua ya pili.

"Mzee, usichukie. Mama anaumwa."

"Sijachukia. Nyumba yenu."

"Wewe unajua neno moja tu, kila siku bado, bado! Mtu anakufa kwa hiyo bado yako!"

"Wewe," mama aliniita kutoka mlango wa lori. "Nishushe."

Nikamshusha. Alikuwa mwepesi, na hilo nalo nikalipima bila kutaka. Akaenda taratibu mpaka kwenye rundo, akashika jiwe la juu, akashindwa kulinyanyua, basi akainama yeye. Mama yangu, Mlutheri wa milimani, mjumbe wa kikundi cha kina mama kanisani, alitoa ulimi akalamba jiwe mbele ya watu wawili na dereva. Akatulia. Akasogea, akalamba la pili. Fundi aliacha kupanga vyombo vyake.

"Lina chumvi," mama akasema.

"Linayo, bibi mkubwa."

"Ukijenga hivi?"

"Litakula lenzake."

Mama akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Rudisha tofali zako," aliniambia. Sauti ilikuwa ile ya zamani, ya ugomvi.

"Mama, na wewe?"

"Mimi nini? Mimi nitangoja. Wewe ulishanijengea haraka mara moja, tukaona." Kisha kwa fundi, "Baba, rudisha nyundo zako chini. Huyu ni mtoto wangu lakini nyumba ni yangu."

Dereva alinidai tripu mbili, ya kuja na ya kurudi. Nikabishana naye njia nzima, na mama kando yangu anacheka chini kwa chini. Njiani, tukiwa tunaikaribia Tanga, akaomba muhogo wa kuchoma. Akala nusu. Sisemi kwamba alipona. Siku nyingine alikula, siku nyingine hakula. Oktoba alikaa kitandani karibu wiki tatu na nilikwenda dukani mara mbili kuulizia bei ya sanda, nikarudi mikono mitupu, najiambia ni biashara tu, mtu anajua bei ya vitu. Mvua za vuli zilikuja kwa kusuasua. Kila tone lililoanguka nilikuwa namtazama yeye.

Januari fundi alilamba mawe ishirini. Alichukua muda mrefu, mate hayatemi. Halafu akanigeukia na kusema, "Njoo ulambe wewe," na safari hii nililisikia jiwe: udongo, mvua, na hakuna kingine.

Mawe mia tatu na themanini na nane hayatoshi pale yalipokuwa mia sita. Chumba kilipungua. Zamani kilikuwa hatua sita, sasa ni nne, nimekipima kwa miguu yangu na kwa futi. Fundi alijenga, akapiga lipu kwa chokaa ya shimoni na mchanga wa mto, siyo wa pwani, akiulowesha ukuta kila siku kama mtu anayeogesha mtoto. Mwisho wa Februari nikamleta mama.

Alisimama katikati ya chumba. Harufu ilikuwa ya mvua na ya yai. Aligusa ukuta kwa kucha na kucha ikaacha alama.

"Mbona laini?"

"Chokaa bado inavuta hewa," fundi akasema. "Nje imeanza kushika. Ndani bado sana. Itakuwa jiwe kweli kweli wakati mimi na wewe tumekwisha kwenda, bibi mkubwa. Usiegemeze kitanda, usipigilie msumari. Iache ipumue."

Kitanda tukakiweka katikati, hakigusi upande wowote, kama mashua iliyotia nanga. Nikamwambia mama arudi nami Tanga mwezi mmoja tu, ukuta ukauke, unyevu ule si mzuri kwa kifua chake. Nilikuwa na hoja tano, nilizipanga njiani. Nilipofika ya pili alikuwa ameshavua viatu.

"Mama, nasema na wewe."

"Nakusikia. Funga mlango ukitoka, taratibu, usitikise ukuta."

Nilikaa barazani kidogo na fundi. Alikuwa anaosha mwiko wake ndani ya ndoo, maji yakiwa meupe. Ndani tukasikia kitanda kikilia mara moja, kisha kimya, kisha mkoromo mdogo. Ilikuwa saa nane mchana.

"Atakohoa," nikamwambia.

"Pengine." Akaukung'uta mwiko. "Mwakani kabla ya masika, mtu aje aupake ukuta chokaa. Na mwaka unaofuata. Nani atakuja?"

Nilihesabu ndugu zangu, nikawahesabu tena.

"Mimi," nikasema, nikachukua ndoo nikaenda kumwaga yale maji.